Ufunguo wa Sanduku la Tunduma

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka barabara kuu kwenda kwetu Isansa. Tulipofika kwenye kona iliyo juu ya mtambo wa zamani wa kumenya kahawa, kijana aliyenibeba akapiga honi mara tatu kufukuza mbuzi, na mimi, mwanamke mzima mwenye kazi yake na watoto wawili, nikamgonga begani asimame. Akasimama. Akaniuliza nimeangusha nini. Ningemwambiaje kwamba nilipokuwa mtoto, honi tatu kwenye kona ile zilikuwa na maana ya barua, na kwamba mwili wangu haujapata taarifa kuwa mambo hayo yalikwisha zamani?

Ndugu yangu, kama umekua na simu mfukoni utaniona natia chumvi. Ujumbe ukifika leo simu inakutetemekea pajani, hata kama hutaki. Sisi barua zetu zilifika mahali ambapo hatukuwepo na hatukuweza kupaona. Zilifika Tunduma, kwenye kisanduku cha chuma kimoja kati ya visanduku vingi vya posta, nasi tulikuwa Isansa, juu huku kwenye kahawa na baridi, tukikisia. Kijiji kizima kilitumia sanduku hilo moja la chama cha msingi cha wakulima. Kwa nini chama kilifungua sanduku Tunduma na si Vwawa palipo karibu zaidi, hakuna aliyejua. Walisema katibu wa zamani alikuwa na mchumba huko. Katibu alikufa, mchumba akaolewa na mwingine, sanduku likabaki.

Ufunguo alikuwa nao karani wa chama, mtu mrefu, mkimya, mwenye mabega yaliyoinama kwa kupima kahawa miaka yote. Aliuning'iniza shingoni kwa kamba ya katani, ndani ya shati. Bibi yangu alisema mtu mwema huvaa msalaba shingoni, si ufunguo.

Nikueleze nilikuwa kwa bibi kwa sababu gani. Baba alifariki nikiwa sijaota meno. Nilipokuwa na miaka saba, mama akavuka mpaka pale Nakonde akaenda Zambia, kwenye miji ya migodini, kuuza mchele na vitenge. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, na kila mwenye miguu alikuwa akivuka. Asubuhi ya kuondoka alinifunga kitambaa kichwani akaniambia, "Nikifika tu nitaandika." Basi mimi nikaanza kungoja siku hiyohiyo mchana. Nilingoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Haikuja barua hata ya kusema amefika. Kitu nilichotaka kujua duniani kilikuwa kimoja tu, kama mama ananiandikia au hanikumbuki.

Sasa, kulijua sanduku la mbali lina nini si kazi ndogo. Zamani karani alikuwa akipanda gari kwenda Tunduma kila wiki mbili na mara nyingi alikuta sanduku tupu, akarudi amechoka na vumbi hadi kwenye nyusi. Ndipo akapatana na dereva wa lori lililoleta sukari na sabuni kwetu Jumanne na Ijumaa. Dereva angepita posta, angemwuliza wa dirishani kama sanduku letu lina kitu, na kama kipo, angetoa ishara akipanda kilima. Karani angeiona na safari inayofuata angekwenda na ufunguo wake.

Ishara ya kwanza ilikuwa matawi mabichi mbele ya lori. Wazo lilikuwa la dereva, kijana mcheshi wa Tunduma aliyesalimia watu wote kwa "Mulishani!" ya Kibemba hata wasiojua maana yake. Lakini huku kwetu gari lenye matawi mbele limebeba maiti, kila mtu analijua hilo isipokuwa yeye. Lori lilipotokea kwenye kona na matawi yake, mama mmoja mwenye mume hospitalini akaangusha jembe, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kulia. Wakatoka wengine wakamfuata. Dereva aliposhuka na tabasamu lake kutangaza kwamba kuna barua, wanaume wawili walimshika shati. Mgonjwa mwenyewe alirudi wiki hiyo akiwa mzima, akakuta ameshaliliwa, naye akanuna kwa kuwa baadhi ya watu hawakulia vya kutosha.

Ndipo zikaja honi tatu. Honi nayo ilikuwa na kasoro zake, maana dereva aliwapigia honi mbuzi, watoto, na wasichana waliokuwa kisimani. Ubishi ulikuwa hauishi. "Zilikuwa tatu." "Mbili, ya tatu ilikuwa ya mbuzi." Mimi nilikuwa bingwa. Hata nikiwa shambani nimeinamia maharage niliweza kutofautisha honi ya mbuzi, ambayo ni fupi na ya hasira, na honi ya barua, ambayo dereva aliivuta kidogo mwishoni kama mtu anayemaliza wimbo.

Ishara ya mwisho ilikuwa ya karani mwenyewe. Akisharudi na barua alipandisha gunia jeupe kwenye mlingoti wa godauni, na wenye kungoja wakaenda. Alisimama kando ya mizani akisoma majina kwa sauti ileile aliyosomea kilo. Hapo palikuwa na harufu ya kahawa kavu, magunia na jasho, na watu walitulia kuliko kanisani. Jina la bibi halikusomwa. Akimaliza alimtazama bibi na kusema, "Subira, mama. Subira yavuta heri."

Njiani kurudi nyumbani bibi alisema peke yake, "Na hiyo heri ameshaivuta nani?"

Bibi yangu alikuwa mtu wa kushuku, na simsemi vibaya, kwa kuwa tabia hiyo ameniachia. Akinunua kiberiti alihesabu njiti. Alishuku chumvi ya dukani kwamba imechanganywa na mchanga mweupe, alishuku jogoo wa jirani kwamba anawika mapema makusudi. Lakini nyumba yake ilikuwa na joto ambalo sijalipata tena. Jioni tuliketi jikoni, moshi ukipanda kwenye mahindi yaliyoning'inia darini, yeye akisonga ugali wa ulezi mweusi, mzito, wenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Nilikuwa nikimtungia uzi kwenye sindano, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye akinisimulia ubaya wa watu wote tuliowafahamu. Nililala vizuri sana baada ya masimulizi hayo.

Tatizo, alisema bibi, liko kati ya honi na gunia. Honi ikilia Ijumaa, karani anakwenda Jumanne, anarudi Jumatano au Alhamisi. Siku hizo barua zinakaa kwa nani? Zinakaa kwa karani. Anazitazama nani? Mungu na karani, na Mungu hasemi.

Basi tukaanza kumchunguza. Bibi alinusa bahasha za majirani. Ya mzee mmoja ilinuka uji. "Umeona? Imefunguliwa, ikabandikwa upya kwa uji." Hakuna aliyekumbuka, hata mimi niliyekuwa nikiwaandikia watu barua, kwamba sisi sote tulikuwa tukifunga bahasha zetu kwa uji, na ndugu zetu waliokwenda mbali walikwenda na ujuzi huo. Tuliona karani akipita njia ya bondeni badala ya barabara. Anajificha. Akipita barabarani, anajifanya hana hatia. Akikohoa kabla ya kusoma majina, kuna jina amelimeza.

Kisha akaja jirani yetu, mwanamke aliyeuza maharage Tunduma na kurudi na habari nyingi kuliko fedha. Aliketi jikoni kwetu, akapewa togwa, akanywa yote kwanza. "Mimi sisemi kitu," alisema. "Ila mke wa karani Jumapili alikuwa na kitenge kipya. Cha Zambia kile. Huku kama kile hakipo."

Bibi aliacha kukoroga. "Cha rangi gani?"

"Cha bluu, kina ndege."

"Mwanangu anapenda bluu," bibi alisema.

"Mimi sisemi kitu, dada. Lakini lisemwalo lipo."

Walivyokwenda kwa kasi hiyo, usiku haujaingia mama yangu alikuwa ameshaandika barua nyingi, ametuma na vifurushi, na karani amevigawa nyumbani kwake. Nami, nikusimulie ukweli, nilifurahi. Siku zile shuleni msichana mmoja aliyekuwa akipata barua za kaka yake alikuwa ameniambia mbele ya wenzangu kwamba mama yangu amenisahau. Nilikuwa nimeacha kula. Si kwa kususa, chakula kilikuwa hakipiti tu. Bibi alinikorogea uji wa maziwa nikauacha unaganda. Aliniita mara mbili usiku kuhakikisha kama napumua. Sasa akiwa mwizi karani, basi mama hajanisahau. Nilimhitaji awe mwizi.

Bibi hakutaka kuishia kwenye maneno. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, na nguo inabidi uivue uitazame. Jumapili baada ya ibada alinikalisha na daftari langu la darasa la nne.

"Andika barua."

"Kwa nani, bibi?"

"Kwangu mimi."

Nikaandika anuani ya chama Tunduma, kisha jina lake. Ndani tuliandika tulivyofundishwa kuandika barua zote, kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Bibi alisikiliza nikimsomea, akatikisa kichwa. "Hapo kwenye mashaka," akasema, "usifute." Kisha akachota ulezi kiganjani, akaniagiza nihesabu punje saba, tukazifungia ndani ya karatasi iliyokunjwa. Ulezi ni mdogo kama kichwa cha siafu. Atakayefungua bahasha hataziona, zitamdondokea gizani, na hatajua amepoteza nini. Tukaifunga kwa uji, ndiyo, uji uleule. Jirani akaapishwa kwa jina la watoto wake, akaenda nayo Tunduma akaitumbukiza posta, stempu ikiwa imebandikwa kama barua ya mtu mwenye akili timamu.

Bibi alifunga mafundo kwenye kamba, fundo kila jua likizama. Mimi nilikuwa nikichuma kahawa na masikio yakiwa kwenye kona. Asubuhi zile za baridi ukungu unalala kwenye migomba hadi saa nne, huoni hatua kumi, lakini sauti inafika mbali. Jumanne honi moja, mbuzi. Ijumaa, nikiwa na kikapu kiunoni, nikazisikia. Moja. Mbili. Ya tatu akaivuta. Nilimwaga nusu ya kikapu nikikimbia kumwambia bibi.

"Basi imeshaingia mtegoni," alisema, akaendelea kupepeta.

Tulijua ni yetu. Ndiyo raha ya kujiandikia mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu tulijua kilichomo kwenye lile sanduku. Karani akaenda Jumanne. Jumatano tukatazama mlingoti toka alfajiri. Hakuna gunia. Bibi aliniangalia kwa macho ya ushindi. "Anaisoma sasa hivi."

Mchana wa Jumatano hiyo kengele ya baiskeli ikalia uani kwetu. Alikuwa karani. Hakuwahi kufika kwetu. Hakupandisha gunia, hakupitia hata kwake, alikuwa na vumbi la Tunduma shingoni na suruali imebanwa kwa kamba ya katani. Aliishika bahasha kwa mikono miwili.

"Mama!" alisema, akihema. "Mama, leo imekuja!"

Ndugu yangu, uso ule ninao mpaka leo. Mtu mkimya yule alikuwa akicheka kwa meno yote. Akageuka kwangu akaniambia, "Umeona? Nilisema subira." Alikuwa amesukuma baiskeli kilima kizima kutoka barabara kuu kwa sababu alidhani mama yangu ameandika.

Bibi alipokea bahasha kama mtu anayepokea kitu chake kilichokuwa kimechukuliwa. Hakumkaribisha kiti wala togwa, na kwetu mgeni aliyepanda kilima hapewi maji tu, hupewa kitu cha kushibisha. Karani alisimama kidogo, nadhani akingoja kusikia inasomwa. Kisha akasema, "Haya, mama, mtaniambia anaendeleaje," akageuza baiskeli akaondoka.

Bibi akaleta ungo. Akapasua bahasha ubavuni kwa kisu, akaikunjua karatasi polepole juu ya ungo, uso wake umeinama karibu kabisa. Nilikuwa upande wa pili, sikuona vizuri. Nilisikia kuku wakikwaruza, nikasikia pumzi yake.

"Sita," alisema.

"Nihesabu na mimi, bibi."

"Sita nimesema." Akaubetua ungo, punje zikaanguka uani na kuku wakazidonoa. "Mwizi ni yeye. Mama yako anaandika. Nenda kaniletee maji, kisha uje ule."

Nilikwenda kisimani nikiruka. Nilikula jioni ile ugali wangu na nusu ya wake, na maharage, na majani ya maboga, na bibi alinitazama nikila bila kugusa chakula. Hapo ndipo kitu kidogo kilinipitia kichwani, kwamba mtu anayeshindwa kutunga uzi kwenye sindano amewezaje kuhesabu punje za ulezi kwa kutazama mara moja. Kilinipitia, nikakiacha kipite. Mtoto ana njaa yake.

Tangu siku hiyo sikumpigia karani goti. Wewe kama umekulia huku unajua hilo ni kosa la namna gani, mtoto wa kike kupita mbele ya mtu mzima amekaza shingo. Watu walimwambia bibi, bibi akanikaripia mbele yao na kunyamaza tukifika nyumbani. Shuleni nilimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba karani anakula barua. Watoto wakaenda nalo majumbani. Wengine wakaanza kwenda Vwawa kutafuta masanduku ya kanisa. Na karani hakujitetea. Alisoma majina, alining'iniza gunia, akinikuta njiani ananiambia "Hujambo, mwanangu," nami najibu kwa pua. Hata kunyamaza kwake nilikuhesabu kuwa ushahidi. Asiye na hatia angepiga kelele.

Miaka ikaenda. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao na magari yao, watu wakaacha kupeleka kahawa kwenye chama, godauni likabaki na popo. Sanduku la Tunduma likafungwa. Nilipokuwa sekondari taarifa ya mama ilitufikia kwa mdomo, kupitia mfanyabiashara wa samaki wakavu, kwamba alifariki kwa homa huko migodini, mwaka mmoja kabla ya hapo. Bibi alinyoa nywele. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira tu, nikifikiria maneno ya mama yote aliyoniandikia yakiwa chini ya godoro la mtu. Bibi naye akafuata miaka michache baadaye, na hadi anakata roho hatukuitaja tena siku ya ungo. Simu zikaja. Nikapata kazi Tunduma kwa wakala wa forodha, kila siku napita mbele ya visanduku vile vya posta na kila siku nageuza uso.

Mwezi uliopita, baada ya zile honi tatu za mbuzi, nilimwambia kijana wa bodaboda asinipeleke kwetu kwanza. Anipeleke kwa karani.

Nilimkuta barazani, mzee sasa, sinia la maharage mapajani, akitoa mawe kwa vidole vinavyotetemeka. Mkewe alikuwa ndani. Nikapiga goti kwenye saruji, magoti yote mawili. "Shikamoo, baba." Alinitambua kabla sijajitaja. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba mimi ndiye niliyemtangaza mwizi wa barua, na kwamba kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyoshindwa kuliamini hilo.

Akacheka kidogo. "Mwizi nilikuwa. Nilikubali mwenyewe."

Nikajiketisha kwenye saruji.

"Bibi yako alikuja hapa," alisema. "Siku ya tatu baada ya ile barua. Alikuja na kuku. Akakaa hapo ulipo. Akanieleza habari yote ya ulezi, hakuficha. Akasema, nimekushuku kwa moyo wangu wote, nimekukuta safi, na huo usafi wako utaniulia mjukuu. Alisema ulikuwa huli. Sasa unakula, kwa sababu mimi ni mwizi." Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitazama, akalitupa. "Akaniomba nibaki hivyo. Mpaka akue, alisema, siku hiyo nitakuja kukuambia. Mke wangu alikataa. Alilia. Mimi nikaona, mtoto wa watu ale."

"Na wewe ukanyamaza."

"Ningesemaje? Nilikula kuku."

Sikucheka. Lilikuwepo swali ambalo nilikuwa nimelibeba toka nikiwa na miaka saba, na sasa lilibaki kwa mtu mmoja tu duniani. Nikamwuliza. "Baba, kwa miaka ile yote. Haikuja hata moja?"

Aliliweka sinia chini. "Kila nilipofungua sanduku, nilitafuta jina lenu kabla ya jina langu. Hata moja, mwanangu. Haikuja."

Basi nikalia. Nilimlilia mama pale barazani kwa watu, kwa mara ya kwanza, maana aliyekuandikia barua zikaibwa humlilii, unamdai mwizi. Na nilimlilia bibi, aliyezihesabu zikatimia saba na akaniambia sita. Mkewe akatoka, akakaa karibu yangu. Huko Tunduma siku hizi mtu akikuomba umtunzie kiti kwenye foleni anakuachia namba ya simu kama dhamana. Sijui ningeenda mlango gani leo na kuku wangu kumwomba mtu mwaminifu abebe jina la mwizi kwa ajili ya mtoto wangu, naye akakubali. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwisha Isansa, na huyu mmoja aliyebaki anachambua maharage kwa vidole visivyotulia.

Nilipoinuka kuondoka nilimwuliza kwa nini hakunieleza baadaye, nilipomaliza shule, nilipoanza kazi, hata bibi alipokuwa ameshazikwa. Alinitazama kwa mshangao, kama nimemwuliza jambo lililo wazi.

"Bibi yako alifariki," alisema, "bila kuja kuniambia kama umeshakua."